Shibiri ya Kukulia

Waliokuja kuomba hori walikuwa wawili, na fundi hakumpenda hata mmoja.

Wa kwanza alikuwa mzee wa kanisa, mwenye bucha la kona, mtu wa kifua kipana na sauti ambayo hata akinong'ona jirani huitika. Wa pili alikuwa shemeji wa fundi, dada mkubwa wa mkewe, kiongozi wa akina mama kanisani, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kwenda likizo. Walisimama mlangoni pa karakana, kila mmoja akimsubiri mwenzake atangulie, kama wageni waliofika kwenye nyumba yenye mbwa.

"Hodi hapa," mzee akasema.

Fundi aliendelea kupiga randa. Maranda yalijikunja, yakamwangukia miguuni.

"Hodi, Shibiri."

Jina hilo watu walimpa zamani, kwa sababu hakuwa akipima kwa futi. Alipima kwa mkono: kidole gumba hapa, kidole cha mwisho kule, ubao ukatwe, na ukikatwa umekatwa. Kuna waliokuja na futi zao ili wamhakiki, wakaondoka kimya. Lakini tangu mwezi wa nane futi mpya ya chuma ilikuwa inaning'inia kiunoni mwake, na mtu akimwita Shibiri, aliona kama ametemewa mate.

"Bucha limeungua?" fundi akauliza bila kuinua macho.

"Hapana. Kwa nini?"

"Nashangaa kukuona mbali nalo saa hizi."

Mzee alicheka kicheko cha adabu. Shemeji hakujisumbua.

"Shemeji, hatukuja kwa ubaya," alisema. "Hori la kanisani limeliwa na mchwa. Tumelitoa stoo tukabaki tumeshika unga. Na Krismasi ndiyo hiyo, wiki hii."

"Nunueni beseni."

"Mtoto Yesu alazwe kwenye beseni?"

"Alilazwa penye chakula cha ng'ombe, sijasikia kama alilalamika."

Mzee alivuta kigoda bila kukaribishwa, akaketi, akaweka mikono magotini. Fundi aliijua ishara hiyo. Ndivyo wanavyokaa watu wanaotaka kukufariji, nawe huna pa kukimbilia.

"Mwanangu," mzee akaanza, "tunajua ulipo. Kanisa zima lililia nawe. Lakini huzuni nayo ina mwisho wake. Mungu alipita bustanini, akaona ua zuri, akalichuma kwa sababu alilipenda kuliko sisi."

"Yeye ana bustani nzima. Mimi nilikuwa na ua moja." Fundi aliweka randa chini. "Na mtu akipita uani kwako, mzee, akachuma kitu chako bila ruhusa, wewe unamwitaje?"

Mzee alimgeukia shemeji.

"Usikufuru," shemeji alisema.

"Sijakufuru. Nimeuliza jina."

"Hukufiwa peke yako. Mdogo wangu kafiwa na mtoto huyohuyo, na kila Jumapili yuko kitini, anaimba na wenzake. Wewe umeufanya msiba kuwa shamba lako, umelizungushia ua, asiingie mtu. Hata mkeo hapati njia."

Fundi alitazama chini ya benchi yake ya kazi, kwenye giza lililojaa maranda, na kitu kikamjia. Kilikuja chenyewe, kibaya na kamili, kama kazi iliyokwisha kuchorwa.

"Nitawatengenezea," alisema. "Mtalipata mchana wa mkesha."

Mzee alisimama, uso umemwangaza, akamshika bega. "Unaona? Roho anafanya kazi."

Shemeji hakushukuru. Alikuwa amemjua fundi tangu alipokuja kuposa, akiwa na shati la kuazima na maneno machache. Alimtazama machoni, kisha akayafuata macho hayo mpaka chini ya benchi, asione kitu.

*

Chini ya benchi palikuwa na mbao ambazo zilipaswa kuwa majivu.

Fundi mkuu aliyemfundisha kazi alikuwa na miko mingi, na mmoja ulikuwa huu: ubao uliobaki kwenye jeneza hauingii kwenye kazi nyingine. Huchomwa siku hiyohiyo, chini ya kopo la kuchemshia gundi, asije mtu akalalia kitanda kilichotoka ubao mmoja na maiti. Fundi aliushika mwiko huo miaka yote. Alikuja kuuvunja mwaka huu tu, kwa jeneza la binti yake.

Alikuwa na miaka sita, na baba yake alimwita Bosi. Akitoka shule alipanda juu ya benchi, akaweka mikono kiunoni na kutoa amri: "Fundi, hapo hapajanyooka." Na mara nyingine ni kweli, hapakuwa pamenyooka. Mtaa mzima ukalishika jina. Mkewe akawa Mama Bosi, yeye akawa Baba Bosi. Siku hizi watu wakikutana nao njiani walianza kutamka, wakameza, wakasema tu, "Habari za leo."

Homa ilimshika Bosi katikati ya juma. Madaktari walifanya yao, wakasema tusubiri. Akina mama wa kanisa wakaja na shemeji mbele, wakazunguka kitanda, wakaomba mpaka sauti zikawakauka. Kisha shemeji akafumbua macho, akamgeukia fundi, uso umelowa jasho, akamwambia: "Nenda kazini, shemeji. Tumeshashinda."

Naye akaenda. Palikuwa na kabati la mtu la kumalizia. Alipokuja kuitwa alikuwa anapiga randa na kupiga mluzi.

Huo mluzi ndio uliomkaa kooni. Kama Mungu angekataa, basi, wafalme hukataa. Lakini yeye aliambiwa kwamba Mungu amekubali, akaamini, akampa mtoto wake mgongo, akaenda kupiga mluzi.

Jeneza alilitengeneza mwenyewe. Walimkataza, akawafukuza karakanani. Hakupima kitu. Mkono wake ulimjua Bosi tangu alipokuwa wa kubebwa kiganjani. Ulipita juu ya ubao, ukakata. Na hapo ndipo mkono ulipomsaliti. Fundi mwema akitengeneza kitanda cha mtoto huongeza shibiri moja upande wa miguu. Mafundi huiita shibiri ya kukulia, kwa kuwa mtoto hukua na kitanda hakikui. Alikuwa ametengeneza vitanda vya watoto wa mtaa mzima. Mkono haukumuuliza. Uliongeza.

Aliliona kosa mtoto alipokwisha kulazwa. Miguu iliishia mahali, na jeneza likaendelea, na pale katikati palikuwa na nafasi imeachama. Kumpa mtoto aliyekufa mahali pa kukua: hata adui yako hakutukani hivyo. Mkewe aliinama, akaweka sweta la kijani la Bosi miguuni, akalikunja vizuri. Fundi akafikiri, maskini, mama anaogopea baridi. Hakuna aliyeona, na yeye alikusudia asijue mtu mpaka siku ya kufa kwake. Siku ya pili alinunua futi.

*

"Nasikia umekubali," mkewe alisema jioni hiyo. Alikuwa anaosha vyombo, mgongo kwake.

"Habari zina miguu."

"Dada anasema umekubali haraka mno."

"Angependa nikubali polepole?"

Tangu mazishi waliongea mambo ya mlango, chumvi na maji. Maneno mengine yote waliyapita kwa pembeni, kama watu wanaokwepa shimo njiani. Mkewe alisuuza sahani, akaiinamisha, akachukua nyingine.

"Unapanga nini?"

"Hori. Mbao na misumari."

"Usinidhalilishe mbele za watu."

"Watu wako hawadhaliliki. Wao hushinda, umesahau?"

Sahani ilitulia majini. Alipogeuka, mikono ilikuwa inachuruzika mpaka kwenye viwiko, wala hakuifuta.

"Sikukuu ikipita nakwenda kwa mama."

"Kwa siku ngapi?"

"Sijui. Mkoba nimeshaufunga. Nimechoka kuishi na mtu anayenichukia kwa sababu nilikuwepo."

Fundi angeweza kukana. Alilitafuta hilo neno la kukana, hakuliona.

"Unadhani nilipewa zawadi?" mkewe akaendelea, sauti chini kabisa. "Nilimshika mpaka akapoa. Wewe ulinyimwa hilo, na mimi nilipewa, na sijui nani kaonewa zaidi. Lakini unanitazama kama nimekula kitu peke yangu."

"Na huko kanisani unapata nini?"

"Pa kukaa."

"Hapa hakuna viti?"

"Viti vipo," alisema. "Pa kukaa hakuna."

Usiku ule, na ule uliofuata, mkoba ulikuwa mlangoni, umesimama wima kama mgeni aliyekataa kuketi.

*

Fundi alifunga mlango wa karakana, akazitoa zile mbao. Futi aliifungua kiunoni, akaitundika ukutani. Kazi hii alitaka kuipima kwa mkono, na alitaka mkono ufanye kosa lilelile.

Alikata urefu uleule, na shibiri yake. Alitumia misumari ya kopo lilelile na vanishi ileile, ambayo ilikuwa imeanza kuganda juu. Ubavuni aliweka ubao wenye nusu ya jicho, lile duara jeusi ambalo mti huacha palipokuwa na tawi. Msumeno wa mwezi wa nane ulilikata katikati: nusu ilikwenda chini na Bosi, na nusu ndiyo hii. Aliusugua kwa msasa mpaka ukang'aa.

Alilipachika miguu minne lionekane hori, lakini yeye alijua ametengeneza nini. Aliliona mbele ya kanisa, limewekewa nyasi na taa za kumetameta, watu wamelizunguka, mzee anatetemesha vioo kwa sauti yake, shemeji amefumba macho. Wangeimba furaha juu yake wimbo baada ya wimbo. Kisha angesimama nyuma kabisa, aseme kwa sauti ya kawaida: Mnajua mmeimbia nini? Asubuhi ya Krismasi iwanyongonyee kama yake ilivyonyongonyea. Baada ya hapo mkewe aende kwa mama yake, naye afunge mlango, na iwe basi.

Mchana wa mkesha alilibeba begani. Barabarani watu walikuwa na vifurushi na vicheko vya sikukuu. Mwanamke mmoja aliyekuwa anakuja alimwona, akasimama kando ya njia, akavua kofia ya jua, akainamisha kichwa mpaka alipopita. Fundi hakumsahihisha. Moyoni alisema, angalau mmoja ana macho.

*

Kanisani mzee alikuwa juu ya ngazi, anagombana na waya wa taa. Akina mama walikuwa wanafunga riboni kwenye viti. Shemeji alisimama katikati, anaelekeza kila mtu kwa kidole.

Fundi alilitua hori mbele ya madhabahu, akarudi nyuma hatua chache.

Shemeji alilizunguka. "Mbona refu hivi? Au mtoto wetu mwaka huu anazaliwa na meno?"

Akina mama wakacheka. Fundi naye nusura acheke, kwa jinsi lilivyomkaa vizuri tusi hilo. Kicheko kilikuwa bado hewani mkewe alipotoka chumba cha nyuma, amekumbatia mzigo wa nyasi kavu.

Alifika, akasimama. Aliutazama ubavu wa hori, palipokuwa na nusu ya jicho. Siku nzima ya msiba alikaa ameikabili nusu nyingine ya lile duara jeusi, ubavuni mwa jeneza, kwa kuwa hakuweza kukabili kitu kingine. Nyasi zikamtoka mikononi taratibu. Akapiga magoti upande wa miguu wa hori, akaweka kidole gumba pembeni, akanyoosha kiganja mpaka kidole cha mwisho kikagusa ubao. Akakaa hivyo, mkono umetanda.

Kicheko kilikufa chenyewe, mdomo kwa mdomo.

"Ni mbao zake," fundi alisema. Maneno aliyoyaandaa kwa ajili ya kesho yalimtoka leo, na yalitoka madogo. "Na kipimo chake. Nilitaka waimbe juu yake."

Mzee alishuka ngazi bila kuangalia anakanyaga wapi. "Jeneza? Umetuletea jeneza? Huu ni uchuro. Litoke. Litoke sasa hivi."

"Siku ya kuzaliwa Bwana," shemeji alisema. "Mtu gani wewe? Una moyo gani?"

"Nenda kazini, shemeji," fundi akamjibu. "Tumeshashinda."

Maneno yalimpata. Aliketi kwenye kiti cha karibu, riboni ikiwa bado mkononi, na kwa mara ya kwanza fundi akamwona amezeeka kuliko umri wake.

"Nilikuwa naogopa," shemeji alisema. "Ulikuwa umesimama pale unanitazama mimi, kama daktari ni mimi. Nikasema nilichotaka kiwe. Kila siku nayasikia haya maneno, hukuwa na haja ya kunikumbusha."

Fundi alikuwa ameisubiri saa hiyo kwa miezi, na sasa ilipofika haikuwa na ladha.

Mzee alikuwa ameshika ncha moja ya hori, anahema. "Kina mama, nisaidieni."

"Mzee, weka chini," mkewe fundi akasema. Alikuwa bado amepiga magoti.

"Binti yangu, kitu hiki hakikai mbele ya madhabahu."

"Huyu mtoto tutakayemwimbia kesho, alikua, si ndiyo? Kisha?"

Mzee alitazama huku na huku, kama mtoto aliyeulizwa asilotarajia. "Kisha wakamsulubisha."

"Wakamlaza wapi?"

"Kaburini."

"Kaburi la nani?"

"La mtu mwingine. Aliazimwa."

"Na hori lilikuwa la nani?"

Mzee aliliachia hori.

"Kuzaliwa kwa kuazima, kuzikwa kwa kuazima," mkewe alisema. "Mwaka huu mwanangu ndiye amemwazima. Atakayeona uchuro akae nyuma."

Kisha akasimama, akamgeukia mumewe, na hapo uso wake haukuwa na upole hata wa kuombea chumvi.

"Na wewe usidhani nakusifu. Umelileta hapa unichome."

"Niwachome wao."

"Anayetandika nyasi kila mwaka ni mimi. Ulijua."

Fundi alijua. Siku zote hizo akipiga msasa alikuwa amejifichia kwamba anajua.

"Ile nafasi," alisema mwishowe. "Uliiona?"

"Sweta ulidhani la nini? Maiti haisikii baridi. Nilijaza pale asije akateleza wakimbeba. Na ili wewe usione."

"Niliona."

"Basi tumefichana kitu kimoja miezi yote hii, kama wendawazimu."

"Nilikosea," fundi alisema, na neno hilo, ambalo hakuwahi kulitoa mbele ya mteja wala mtu yeyote, lilimkwaruza likitoka. "Mkono ulizoea. Nilimpimia kama mtoto wa kukua."

"Najua ulikosea. Nimeolewa na fundi, najua shibiri ya kukulia." Alifuta pua kwa nyuma ya mkono. "Siku ile kila mtu alikuja kuniambia nitamwona tena. Dada kasema, mzee kasema, mchungaji kasema. Nilikuwa nawasikia kama redio ya jirani. Kisha nikaona ile nafasi miguuni kwake. Nikasema, huyu mwanamume amegombana na Mungu, hataki hata kusikia jina lake, na mkono wake umemwachia mtoto mahali pa kukua. Kama mkono wa baba wa hapa duniani, umechoka vile, haukukubali kwamba amekwisha, basi na wa yule Baba mwingine hautakubali. Hilo ndilo nililorudi nalo kutoka makaburini. Sina lingine. Kila Jumapili nakuja kukaa nalo hapa. Ningekuambia, lakini hukuwa unanitazama."

Huko nje gari lilipiga honi, watu wakacheka, sikukuu ikaendelea na mambo yake. Fundi alitazama mkono wake wa kuume, vidole vyenye makovu ya patasi, kama kitu alichookota njiani bila kumjua mwenyewe.

"Sijakusamehe," mkewe aliongeza. "Tusielewane vibaya."

"Sijaomba."

"Utaomba."

Aliinama akaanza kukusanya nyasi. Baada ya kitambo fundi naye aliinama, kwa kuwa nyasi zilikuwa zimemwangukia hata yeye miguuni. Walizitandika bila kugusana mikono. Mmoja wa akina mama akaleta mtoto wa sanamu, yule wa siku zote, mwenye pua iliyobanduka rangi, akamweka, akarudi haraka alikotoka.

Mtoto alikuwa mdogo mno kwa hori lile. Alianza kuteleza kuelekea chini, penye nafasi.

"Atateleza," mkewe alisema. Aliangaza pembeni akitafuta kitu cha kujazia.

Fundi alivua koti lake la kazi. Alilikung'uta, akalikunja mara mbili, akalisukuma taratibu pale chini, mpaka miguu ya yule mtoto ikapata pa kuegemea.

"Lina maranda," shemeji akasema kutoka kitini, kwa mazoea tu.

"Zizi lina usafi gani?"

Shemeji alifungua mdomo. Halafu akaona afadhali afunge riboni yake.

Mzee alimsindikiza fundi mpaka mlangoni. Alitaka kusema kitu kuhusu maua, ilionekana, akajizuia, na jambo hilo peke yake fundi alilihesabu kuwa wema. "Kesho utakuja?" mzee aliuliza.

"Nitakuja kuchukua koti langu."

*

Asubuhi ya Krismasi mkewe alitangulia kama kawaida. Fundi aliupita mkoba pale mlangoni, akaenda, naye akakusudia kuchukua koti na kuondoka. Lakini ibada ilikuwa imeshaanza, na koti lilikuwa chini ya miguu ya mtoto. Mtu hawezi kukatiza katikati ya kanisa na kumvuta Bwana nguo yake. Akasimama nyuma.

Watu walikuwa wanamgeukia na kurudisha macho. Habari zina miguu. Baadhi walilitazama hori, wakakwepa. Mama mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, aliliendea wazi, akagusa ubavu wake, akabaki hapo kidogo, akarudi kitini analia bila kelele. Hapakuwa na mtu aliyemkataza. Mchungaji alisoma habari za wale wawili waliozunguka mji mzima wasipate pa kulala, na fundi, ambaye aliijua habari hiyo tangu utotoni, alisikiliza kama fundi: nani alilitengeneza lile hori la kwanza, na kama alijua linakwenda kubeba nini.

Mkewe alikuwa kwenye benchi ya tatu, ukingoni. Hakugeuka. Lakini aliuchukua mfuko wake mdogo uliokuwa pembeni yake, akauweka sakafuni, akasogea.

Fundi alikwenda akaketi. Futi ya chuma, ambayo alikuwa ameivaa tena kwa mazoea, iligonga benchi, kichwa cha mtu mbele kikageuka. Aliifungua kiunoni, akaitia mfukoni.

Wimbo ulianza. Sauti ya mzee wa bucha ilipanda kabla ya zote, imekosea ufunguo, watu wakaifuata hivyohivyo. Fundi hakuimba. Kooni palikuwa bado pamekaa ule mluzi, na hakudhani utatoka leo, wala kesho. Alikaa tu, mikono magotini, anatazama nusu ya jicho ubavuni mwa hori, na kwa mara ya kwanza aliifikiri ile nusu nyingine bila kufumba macho.

Mkewe alimwinamia bila kuacha kutazama mbele.

"Ule mkoba mlangoni," alinong'ona. "Tukirudi, uupandishe juu ya kabati. Mimi sipafikii."

"Nimesikia," fundi alisema.